Habari za Kujiandalia Baridi ya Ulaya

Tangu habari ilipoenea hapa Chake Chake kwamba twataka kwenda Ulaya mwezi wa Desemba, haipiti siku asije mtu barazani kutuuliza kama akili zetu ni timamu. Wala swali hilo si la ovyo, maana Desemba ndio mwezi ambao watu wa Ulaya wenyewe, wale wenye uwezo, huikimbia nchi yao wakaja kuota jua katika pwani zetu. Sisi twataka kwenda kule wanakotoka. Basi tumeona afadhali tuandike mara moja yale tuliyoyapanga pamoja na sababu zake, ili mwingine atakayepatwa na safari kama hii asianze kama tulivyoanza sisi, kwa kupapasa.

Sababu ya safari ni hii. Binti yetu ni muuguzi katika mji wa Glasgow, huko Uskoti, kaskazini ya Uingereza. Mwezi wa Mei alijifungua mtoto wa kike, akampa jina la bibi yake, yaani mama yetu, ambaye nyumbani twamwita Bi Mkubwa. Bi Mkubwa amekwisha kutimiza miaka sabini na miwili. Likizo ya uzazi ya binti yetu yaisha mwezi wa Februari, na baada ya hapo atarudi katika zamu zake za usiku na mchana, wala hatakuwa na nafasi ya kukaa na wageni. Sisi tulishauri safari ingoje Juni ijayo, wakati wa joto lao. Bi Mkubwa alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Juni ni yenu, wanangu. Mimi sikuahidiwa Juni." Hapo hapakuwa na la kujibu, tukaanza kupanga.

Jambo la kwanza aliloonya kila mtu lilikuwa mvua. "Mtalowa," walisema, "nchi ile ni ya mvua tupu." Tukaona haya kucheka mbele za watu, lakini tulipokuwa peke yetu tulicheka. Maana kisiwa chetu hiki, ambacho Waarabu walikiita Kisiwa cha Kijani, hakikupata rangi yake kwa bure. Katika mwaka wa kawaida mvua ya Pemba hupita milimita 1,500, na mji wa London, ambao sifa yake ya mvua imefika kila pembe ya dunia, hupata karibu milimita 600 tu. Hata Glasgow, mji wa mvua kweli, hupata kiasi cha milimita 1,100 hadi 1,300. Mtu aliyekulia Pemba, akachuma karafuu katika vuli na kuvuka mabonde ya mpunga katika masika, hawezi kutishwa na mvua kwa hesabu hiyo.

Lakini binti yetu alituandikia tusijisifu mapema. Mvua ya kwetu hupiga mabati kwa kishindo, ikajaza mabonde, kisha ikaondoka na jua likarudi kuanika nguo. Ya kule hunyesha rasharasha, leo na kesho na keshokutwa, siku zaidi ya 160 kwa mwaka, na upepo huipeleka ubavuni hata mwavuli usifae kitu. Alisema kwamba mwaka wake wa kwanza alivunja miavuli mitatu, ndipo akanunua koti la mvua lenye kofia kama wenyeji. Kwa hiyo miavuli tumeifuta katika orodha yetu. Kisha akaandika neno ambalo sisi hatukulifikiri kabisa: "Msiogope mvua wala baridi. Ogopeni giza."

Tumelitafakari neno hilo kwa muda mrefu. Pemba iko nyuzi 5 hivi kusini ya ikweta, na kwa sababu hiyo mchana wetu haubadiliki ila kwa nusu saa na kitu mwaka mzima. Sisi tumezoea kwamba jua ni mtumishi mwaminifu: saa kumi na mbili hutoka, saa kumi na mbili hutua, na saa zetu za Kiswahili zenyewe zimejengwa juu ya uaminifu huo. Glasgow iko karibu na nyuzi 56 kaskazini. Katika Desemba jua huchomoza huko karibu saa tatu kasorobo asubuhi, na saa kumi kasorobo alasiri limekwisha kutua. Mchana wote ni saa saba, na katika saa hizo saba mara nyingi jua limo nyuma ya mawingu, halionekani. Binti yetu alikuwa akienda kazini gizani na kurudi gizani, na jua akaliona madirishani tu. Katika mwezi wa Januari wa mwaka ule wa kwanza akawa analia bila kujua sababu. Hakutuambia wakati ule. Ametuambia sasa, kwa sababu anamwogopea Bi Mkubwa.

Ndiyo maana mpango wetu wote tumeujenga juu ya mwanga. Kila siku, mvua iwepo isiwepo, tutatoka nje baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, hata kama ni kwa kuzunguka mtaa mmoja tu na kurudi. Kazi za ndani, kama kupika, kufua na kuwapigia simu watu wa nyumbani, zitangoja jioni, maana jioni za huko ni ndefu. Na twataka Bi Mkubwa alale chumba chenye dirisha la kusini, kwa kuwa jua lao la Desemba hupita chini sana upande wa kusini, halipandi utosini kama letu. Binti yetu alikuwa amempangia chumba kikubwa cha upande wa pili wa nyumba, kwa heshima. Tukamwomba ampe kile kidogo.

Mzee mmoja jirani yetu, msomi wa mambo ya zamani, alitulaumu akisema kwamba wakubwa wa pwani hii walikuwa na akili kuliko sisi. Sayyid Barghash alipokwenda Uingereza mwaka 1875 alifika mwezi wa Juni. Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, na mwandishi wake Ham Mukasa, walipokwenda mwaka 1902 kuona mfalme Edward VII akitawazwa, nao walikuwa huko katika miezi ya joto. Maneno hayo ni kweli, lakini hata Juni ya kule haina dhamana: siku alipotawazwa malkia Elizabeth II, tarehe 2 Juni 1953, London ilikuwa baridi na mvua ilinyesha juu ya watu waliojipanga njiani. Tena tulimkumbusha mzee wetu habari za Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, aliyefika Hamburg mwaka 1867 pamoja na mume wake Mjerumani. Yeye hakuchagua majira. Mumewe akafa mwaka 1870, naye akabaki na watoto wadogo katika nchi ile ya baridi, akaishi miaka mingi huko mpaka alipofariki mjini Jena mwaka 1924. Kwake Ulaya ilikuwa maisha, na sisi twaenda kwa wiki nne tu, nyumba ya mtoto wetu ikitungoja ina moto.

Sasa tuje katika mavazi. Tulikwenda kwenye mitumba ya hapa mjini, tukamkuta mwenye biashara ana makoti mazito yamekunjwa chini kabisa ya marundo. "Mzee wangu," akasema, "haya hayanunuliwi ila na walinzi wa usiku na vijana wa bodaboda." Akafurahi kuyapunguza. Tukanunua matatu. La Bi Mkubwa ni la rangi ya zabibu, la sufu, linafika chini ya magoti, na mfukoni mwake tulikuta tiketi ya basi iliyofutika maandishi. Koti hilo lilitoka Ulaya kwa meli, likakaa Pemba bila kazi kwa muda tusioujua, na sasa litarudi kwao kwa ndege. Bi Mkubwa amesema kwamba limemtangulia kusafiri, basi litamwonyesha njia.

Lakini koti peke yake halitoshi. Binti yetu alitufundisha kwamba nguo tatu nyembamba hushinda nguo moja nene, kwa kuwa hewa inayonaswa katikati ya nguo ndiyo inayoshika joto la mwili. Hili tulilielewa upesi, maana ndivyo makuti yalivyo: kuti moja halizuii kitu, ila makuti yakipangwa tabaka juu ya tabaka, nyumba huwa na hewa yake yenyewe. Nguo ya ndani isiwe ya pamba ikiwa mtu atatembea nje, kwa sababu pamba ikilowa hushika maji na kunyonya joto. Sufu hata ikipata unyevu bado hutia joto. Khanga za Bi Mkubwa hazikukatazwa. Atazivaa ndani ya nyumba juu ya hayo yote, naye amechagua sita, jambo ambalo twaona limezidi, lakini hatukusema neno.

Jingine dogo ambalo mtu asipoambiwa atashangaa ni mafuta ya nazi. Ngozi hukauka sana katika baridi na katika hewa ya nyumba zenye moto, kwa hiyo mafuta ni lazima. Lakini mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na hapa kwetu mara nyingine huyaona yameganda kidogo asubuhi za kipupwe. Glasgow katika Desemba joto la nje huwa kama nyuzi 2 hadi 7. Chupa yenye shingo nyembamba haitatoa hata tone. Tumeyatia katika kopo la mdomo mpana, yachotwe kwa kidole.

Hofu iliyobaki ni kuanguka. Theluji nyingi si kawaida ya Glasgow yenyewe, lakini usiku wa baridi kali maji yaliyo barabarani huganda yakawa kama kioo, na mzee akianguka akavunjika nyonga, safari imegeuka kuwa msiba. Tulimnunulia viatu vyenye kwato, nasi tukafikiri namna ya kumfundisha kutembea. Kumbe mwanafunzi alikuwa mwalimu. Kila mtu wa Pemba aijua njia ya udongo mwekundu ya kuteremkia bondeni wakati wa masika: hatua fupi, wayo wote chini, magoti yamelegea, mikono iko nje tayari. Binti yetu alipomweleza kwa simu jinsi ya kutembea juu ya barafu, Bi Mkubwa akamwuliza, "Na wewe shamba ulikuwa ukiteremkaje, mwanangu?" Yule akanyamaza, kisha tukasikia akicheka. Baadaye alikiri kwamba yeye mwenyewe alianguka mara mbili mwaka ule wa kwanza kwa kutembea kama Wazungu wanavyotembea, mikono mifukoni.

Habari za hati twazieleza kwa kifupi, ingawa ndizo zilizotugharimu zaidi. Mwaka jana, kabla mtoto hajazaliwa, tuliomba viza tukakataliwa, na kosa lilikuwa letu. Barua yetu ilijaa salamu na mapenzi, haikusema nani atalipia nini, wala haikuonyesha kwamba tunalo shamba na kazi vya kuturudisha nyumbani. Mara ya pili tuliandika kama watu wa hesabu: tarehe ya kwenda na ya kurudi, taarifa za benki, karatasi za shamba, barua ya binti yetu ya kutualika na uthibitisho wa kazi yake na nyumba yake. Maombi yenyewe hufanywa kwa mtandao, ila ni lazima mwombaji afike Dar es Salaam kuchapwa alama za vidole, na kwa mtu wa Pemba hiyo ni safari kabla ya safari. Anayetaka kwenda Desemba aanze Agosti. Akate na bima ya safari, hasa kwa wazee, maana matibabu ya mgeni huko si bure.

Kuhusu njia, tulidhani Bi Mkubwa ataogopa ndege, kumbe anaogopa bahari. Ana haki. Usiku wa tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander iliyokuwa ikija Pemba kutoka Unguja ilizama, mamia ya watu wakafa, na hakuna mtaa wa kisiwa hiki ambao haukuwa na matanga. Tangu mwaka ule yeye hajapanda meli. Hata kwenda Dar es Salaam kwa ajili ya vidole tulimpandisha ndege ndogo hapa kiwanjani, na gharama hiyo hatukuihesabu mwanzo. Safari kubwa itakuwa hivyo hivyo: ndege ndogo mpaka Unguja, kubwa mpaka Dubai, na kutoka hapo moja kwa moja Glasgow. Makoti tutayashika mikononi. Tumesikia habari za mtu aliyeyafunga ndani ya sanduku, sanduku likachelewa siku mbili, naye akatoka kiwanjani na shati la mikono mifupi.

Krismasi itatukuta huko. Katika Uingereza nzima tarehe 25 Desemba treni haziendi, maduka makubwa hufungwa, na mabasi ni machache au hayapo kabisa. Tena Uskoti hupumzika tarehe 1 na tarehe 2 Januari pia. Mtu aliyezoea kwamba sikukuu ni siku ya kutembeleana kutoka Wete hadi Mkoani atajikuta amefungiwa. Kwa hiyo tumemwomba binti yetu atafute kanisa tunaloweza kuliendea kwa miguu, na chakula cha siku tatu kiwe ndani tangu tarehe 23. Kwa siku za kawaida ametupangia makumbusho ya Kelvingrove, yaliyofunguliwa mwaka 1901, ambayo mtu haingii kwa kiingilio. Ametupangia pia bustani ya mimea yenye majumba ya vioo, ambamo hutiwa joto ili mimea ya nchi kama zetu isife. Twashuku kwamba siku nyingi tutaishia humo, tukikaa chini ya migomba ya watu kama wakimbizi.

Kuna jambo moja lililomfurahisha Bi Mkubwa kuliko yote. Yeye amechambua karafuu tangu utotoni. Baba yake alikuwa akisimulia aliyosimuliwa na wazee, kwamba kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, nayo ya Pemba ikasalimika, na tangu hapo kisiwa chetu kikawa ndicho mama wa zao hilo. Lakini karafuu zinakokwenda hakupata kuuliza. Alisikia tu kwamba kwa miaka mingi Waindonesia walizinunua kwa wingi wakazitia katika sigara, na habari hiyo haikumpendeza. Sasa binti yetu amemwambia kwamba wakati wa Krismasi watu wa huko huchomeka karafuu katika kitunguu kizima wakakipika ndani ya maziwa, huzipanga juu ya paja la nguruwe kabla ya kulioka, na watoto huzichomeka katika machungwa, wakayatundika nyumbani yanukie. Bi Mkubwa aliuliza kama huchomeka makonyo au karafuu zenyewe. Alipoambiwa ni karafuu zenyewe, tena nzima zenye vichwa, alisema, "Basi wana adabu." Ameagiza kwamba mjukuu wake atengenezewe chungwa moja, naye mwenyewe atalichomeka. Tutanunua pakiti ndogo dukani na kuweka risiti yake, kwa kuwa karafuu za shamba hazitoki Zanzibar ila kwa mkono wa ZSTC, na hatutaki bibi wa miaka sabini na miwili ashikwe kwa magendo.

Neno ambalo hatujalimaliza ni shamba. Desemba ni mwezi wa karafuu za vuli, na mwaka huu mikarafuu yetu ya upande wa Wawi imeanza kuweka. Zikiiva tukiwa mbali, zikafunua maua juu ya mti, hasara ni yetu. Ndugu yetu amekubali kusimamia wachumaji na kuanika, kwa sharti la kupata theluthi, na tumekubaliana mbele ya mashahidi wawili. Hata hivyo usiku twaamka tukihesabu: nauli za watu watatu, ndege ndogo, viza zilizokataliwa na zilizokubaliwa, na sasa theluthi ya vuli. Hesabu hiyo haitulii. Mara mbili tulikaribia kumwambia Bi Mkubwa aende mmoja wetu tu na yeye, na mara zote mbili tulishindwa, maana hatukujua nani kati yetu abaki.

Juzi mvua kubwa ilinyesha tangu alfajiri. Ilipokatika, Bi Mkubwa alivaa viatu vyake vipya na koti la rangi ya zabibu, akalifunga vifungo vyote mpaka shingoni, akatoka kuteremka njia ya kisimani, ambayo ilikuwa inateleza kama sabuni. Watoto wa mtaa walimfuata wakicheka, jasho likimtiririka usoni. Tulisimama ukumbini hatupumui. Alikwenda polepole, wayo wote chini, mikono nje, mpaka akafika kisimani, akageuka, akapanda tena. Alipofika barazani alivua koti akatupa tulitundike, akaomba maji ya kunywa, akauliza imebaki siku ngapi. Tukamwambia arobaini na moja.